Kifaru na Sanamu Yake

Kiswahili kilipokutana na gari la vita la chuma kililipa jina la mnyama. Kifaru wa mwituni ana ngozi nene, macho hafifu, na hasira ya kwenda mbele bila kugeuka. Na gari lile lilionekana kuwa na sifa zote tatu. Walakini sarufi haikukubali kudanganywa na jina. Mnyama husemwa kama viumbe wengine wenye roho: kifaru huyu anakimbia. Gari husemwa kama kiti na kijiko: kifaru hiki kinakimbia. Kiambishi kimoja kidogo kimeweka mpaka baina ya kilicho na uhai na kisicho nao, na msemaji huushika mpaka huo kila siku bila kuufikiri.

Waingereza walioliunda gari hilo walikuwa na haja nyingine katika kulipa jina. Lilipokuwa likitengenezwa kwa siri katika mji wa Lincoln, lilisingiziwa kuwa ni tangi, chombo cha kuchukulia maji, ili aliyeliona asijue alichokiona. Jina la kificho likageuka kuwa jina la kweli, na mpaka leo katika lugha za Ulaya linadumu. Basi chombo hiki kilizaliwa kimefunikwa. Tangu siku kilipotokea mara ya kwanza katika mapigano, tarehe 15 Septemba 1916, katika vita vya Somme nchini Ufaransa, wamekuwako watu wenye shauku ya kukifunua na kukijua kilivyo hasa.

Siku hizi shauku hiyo imepata chombo kipya cha kazi. Wako mafundi, aghalabu watu wenye kazi nyingine za riziki, wanaokesha wakijenga kifaru cha zamani ndani ya kompyuta, bamba kwa bamba na parafujo kwa parafujo, mpaka kwenye kioo ionekane sanamu ambayo mtazamaji aweza kuizungusha, kuifungua na kuchungulia ndani yake. Wengi huiona kazi hii kuwa mchezo wa watu wazima. Huenda ni mchezo. Lakini ndani yake limo swali ambalo halina mzaha. Je, mtu aliyepatia kila kipimo cha silaha amesema kweli juu ya silaha hiyo?

Kwanza yafaa kuijua kazi yenyewe, kwa kuwa anayehukumu kazi asiyoijua huhukumu kivuli chake. Fundi hukusanya michoro ya kiwandani, ikiwa ilisalimika. Hukusanya picha za zamani, vitabu vya mafunzo ya askari, na hati za matengenezo. Ikiwa gari lenyewe lipo katika makumbusho, hulipiga picha mamia kutoka kila upande, juu na chini, au hulipima kwa miali ya leza, na kompyuta hulinganisha mahali pa kila nukta. Uso wa sanamu hufumwa kwa pembetatu ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, zikiungana kama macho ya wavu wa mvuvi. Juu ya wavu huo huvalishwa ngozi: rangi, kutu, mikwaruzo, matope yaliyokauka. Picha nyingi za miaka ile hazina rangi, basi hata weusi na weupe wake humlazimisha fundi kuchagua, na katika kuchagua hutoa ushahidi ambao hakuuona kwa macho yake.

Kichukuliwe kwa mfano kifaru cha Kiingereza cha aina ya Mark IV, cha mwaka 1917. Urefu wake wapata mita 8, na uzito wake tani 27 au 28. Deraya yake ilikuwa na unene wa milimita 12 mahali palipokingwa zaidi. Injini yake ya Daimler ilikuwa na nguvu za farasi 105, na mwendo wake haukufika maili 4 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Vilikuwako vya namna mbili, na askari waliviita dume na jike. Dume lilichukua mizinga miwili pamoja na bombomu. Jike lilichukua bombomu peke yake. Zaidi ya 1,200 viliundwa, na vilivyosalia leo ni vichache mno. Mabamba yake yalifungwa kwa ribiti, safu baada ya safu, na fundi mwaminifu huzihesabu ribiti hizo. Akikuta katika picha moja kwamba safu fulani ina ribiti moja zaidi ya ilivyoonyeshwa katika mchoro, hurudi nyuma, huvunja kazi ya juma zima, na kuianza upya. Hakuna atakayemshukuru. Hakuna atakayejua.

Hapo pana wema ambao haustahili kudharauliwa. Mtu anayesahihisha kosa lisiloonekana na mwingine amejifunga kwa amana ambayo hakuna hakimu wa kuidai. Wanafunzi wengi wa elimu huandika kwa kumwogopa mtahini. Fundi huyu hana mtahini ila kitu chenyewe. Tena kuna unyenyekevu katika kazi ya kupima. Mwenye kupima hawezi kukiamuru kitu kiwe atakavyo. Ni yeye anayekifuata. Katika zama ambazo maneno juu ya vita huuzwa kwa urahisi, kimo cha mlango kilichopimwa sawasawa ni jambo dogo ambalo halisemi uongo.

Lawama dhidi yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba anapoteza wakati, nayo yaweza kuachwa ipite, kwa sababu yamhusu kila mwenye kupenda jambo lisiloleta fedha, washairi wakiwa wa kwanza. Lawama ya pili ni nzito: kwamba anaipamba silaha. Kifaru kilifanywa ili kivunje seng'enge, kivuke mahandaki, na kuua watu waliomo ndani yake. Kukiweka mbele ya macho kikiwa safi, chenye mwanga mzuri, kikizunguka polepole juu ya kioo kama kito katika duka la sonara, ni kukitenga na kazi yake. Mtetezi hujibu kwamba kujua si kusifu, na kwamba mganga huchora jipu bila kulipenda. Jibu hilo ni la haki, lakini halitoshi. Mchoro wa jipu huchorwa pamoja na mwili unaoumwa nalo. Sanamu ya kifaru aghalabu huchorwa peke yake, bila aliyeumizwa nacho, na ajabu zaidi, bila hata waliokaa ndani.

Na ndani ya Mark IV palikuwa mahali pa ajabu. Hapakuwa na ukuta baina ya injini na watu. Injini ilikaa katikati ya chumba, tupu na yenye kuunguza, na watu 8 waliizunguka wakiwa wameinama. Joto laweza kuwa lilizidi nyuzi 50. Moshi wa petroli uliwatia kizunguzungu, wengine wakatapika, wengine wakazirai. Kelele ilizima kila neno. Dereva alitoa amri kwa ishara za mikono na kwa kugonga chuma. Mtu mmoja hakuweza kukiendesha kifaru hicho: walihitajika wanne, dereva, mkuu wao kwenye breki, na wawili wa kubadili giya za minyororo. Risasi ilipopiga deraya kwa nje, vipande vidogo vya chuma moto viliruka kwa ndani, hata askari wakapewa vinyago vya ngozi vyenye vishada vya mikufu ya chuma vya kukinga uso. Katika yote hayo, kompyuta yaweza kuonyesha umbo la injini, kwa sababu umbo lapimika. Joto, harufu na kelele havina pembetatu.

Si kosa la fundi kwamba joto halifumiki. Kosa huanza pale ambapo, kwa sababu halifumiki, hudhaniwa kuwa halikuwamo. Mpimaji hupenda kinachopimika, na upendo huo, ukikaa muda mrefu, humfanya aamini kwamba alichokipima ndicho chote.

Kuna kifaru kimoja ambacho huliweka jambo hili wazi kuliko hoja nyingi. Tarehe 20 Novemba 1917, mbele ya mji wa Cambrai kaskazini mwa Ufaransa, Waingereza walipeleka vifaru 476, vya kupigana na vya kuchukua vifaa, wingi ambao haukuwa umeonekana kabla ya siku hiyo. Vingi vilibeba kwa juu tita kubwa la vijiti, lenye uzito wa zaidi ya tani moja, la kutumbukizwa katika handaki ili kifaru kipite juu yake. Miongoni mwao kilikuwamo kimoja cha Batalioni D, namba D51. Majina ya vifaru vya batalioni hiyo yalianza kwa herufi yake, na hiki kiliitwa Deborah. Kilikuwa jike la Mark IV, na mkuu wake alikuwa luteni kijana, Frank Heap. Kilikivuka kijiji cha Flesquières, na kilipotokeza upande wa pili kilipigwa na makombora ya mizinga. Watu 5 kati ya 8 walikufa. Heap aliwarudisha waliosalia mpaka kwenye mistari ya Waingereza, akatunukiwa nishani ya Military Cross.

Mzoga wa chuma ulizikwa ardhini ukingoni mwa kijiji, na dunia ikausahau. Philippe Gorczynski, mwenyeji wa Cambrai, aliutafuta kwa miaka, na katika utafutaji huo kumbukumbu ya mwanamke mzee wa kijijini, aliyeuona ukisukumwa shimoni alipokuwa msichana, ilikuwa msaada mkubwa. Mwaka 1998 ulifukuliwa. Tangu Novemba 2017 Deborah imo katika ukumbi wa makumbusho uliojengwa huko huko Flesquières, kandokando ya makaburi ya Kiingereza ambamo watu wake watano wamelala. (Askari wa Kiingereza walikisema kifaru chao kana kwamba ni mwanamke. Kiswahili hakina budi kusema kilipigwa, kilizikwa. Ukali huo wa sarufi hapa si mbaya.)

Sasa fundi akitaka kuijenga Deborah ndani ya kompyuta, ataijenga ya siku ipi? Yaweza kujengwa ile iliyotoka kiwandani, mabamba yamenyooka, rangi mpya. Michoro ipo, na vifaru vingine vya aina hiyo vimesalia vya kulinganishia. Hiyo itakuwa sahihi katika kila kipimo, na itakuwa Mark IV yoyote. Au yaweza kujengwa ile iliyomo ukumbini, ambayo sehemu yake ya mbele imeraruliwa na chuma chake kimepinda na kupasuka.

Mafundi wajua siri moja ya kazi yao ambayo wanafalsafa wangefaidika nayo. Kitu kizima ni chepesi kujengwa kuliko kitu kilichovunjika. Ribiti huchorwa moja kwa uangalifu, kisha kompyuta huamriwa kuirudia mara elfu. Bamba moja la mnyororo hurudiwa mpaka mnyororo utimie. Upande wa kulia hugeuzwa ukawa wa kushoto. Kiwanda kilifanya hivyo hivyo. Kompyuta humwigiza mzazi wa kifaru, na kwa hiyo humpatia vizuri. Lakini mpasuko haurudiwi. Tundu lililotobolewa na kombora halifanani na tundu jingine lolote duniani, na kila ncha ya chuma iliyojikunja yapaswa kufuatwa kwa upekee wake. Asiyekuwa na subira atanakili tundu moja mahali pawili, na mtazamaji hatatambua. Kumbe ni hapo, katika sehemu isiyorudiwa, ndipo Deborah inapoacha kuwa Mark IV yoyote na kuwa ile moja iliyokufiwa na watu wake.

Matundu hayo yana thamani nyingine. Juu ya Flesquières kulizuka kisa kwamba mpiga mzinga mmoja wa Kijerumani, akiwa peke yake baada ya wenzake kufa, aliviharibu vifaru vingi siku ile. Kisa hicho kiliingia hata katika taarifa ya jemadari Haig, na wanahistoria wa baadaye wamekitilia shaka kubwa. Visa vya namna hiyo hupendwa na pande zote mbili: mshindi hupata shujaa, na mshindwa hupata udhuru. Chuma kilichopasuka hakijui shujaa wala udhuru. Hakitaji jina la aliyepiga. Huonyesha tu kwamba kilipigwa, wapi, na kwa nguvu gani. Anayekipima kwa uaminifu hulinda kauli ya shahidi ambaye hawezi kupendelea.

Linabaki swali la watu. Je, wawekwe ndani? Kompyuta yaweza kuwafanya, tena kwa wepesi unaotisha: uso, jasho, macho yanayopepesa. Wako wasemao kwamba bila wao sanamu ni uongo wa chuma kisafi. Wako wajibuo kwamba kumfanyia mtu halisi uso wa kubuni, na kumweka mahali alipofia ili watu wamtazame wakinywa chai, ni kumvunjia heshima. Kila upande una haki yake. Marehemu wana majina, na majina yao yamechongwa katika mawe hatua chache kutoka ukumbini. Uso wa kubuni juu ya jina la kweli ni ushahidi wa uongo, hata ukiwa mzuri. Na hapa ndipo desturi ya fundi ya kuhesabu ribiti yapaswa kumwokoa. Mtu ambaye hangethubutu kubuni ribiti moja asiyoiona atathubutu vipi kubuni macho ya mtu? Afadhali aonyeshe anachokijua: nafasi ya kila mmoja, pana kiasi gani baina ya injini na ukuta, mkono ulifika wapi, kichwa kiliinamishwa kiasi gani. Umbo la mtu liwekwe kama kipimo, bila sura. Nafasi iliyo wazi, yenye ukubwa wa mwili, husema jambo ambalo uso wa kubuni ungelifunika.

Wapo wa kuuliza haya yote yamhusu nini msomaji wa Kiswahili, ambaye babu zake hawakupanda Mark IV. Yamhusu, kwa kuwa vita vilikuwa ni hivyo hivyo. Tarehe 25 Novemba 1917, siku tano baada ya Deborah kupigwa, jeshi la Wajerumani la Afrika ya Mashariki chini ya von Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma kuingia nchi iliyotawaliwa na Wareno, na majeshi ya Uingereza yakiliandama. Huku hakukuwa na vifaru vya Lincoln. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara zilikuwa chache, na mizigo ya majeshi yote ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam na ule wa Kariokor wa Nairobi yamebaki na jina la kikosi cha wachukuzi hao, likiwa limelainishwa na ulimi wa Kiswahili. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Ripoti iliyotolewa Aprili 2021 na tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Ribiti za Mark IV zaweza kuhesabiwa leo, na wachukuzi hawawezi. Tofauti hii haikufanywa na fundi wa kompyuta, wala si haki kumtwika. Ilifanywa na makarani wa siku zile, walioona kwamba chuma chastahili mchoro na namba, na mchukuzi astahili posho na, akifa, mchukuzi mwingine. Lakini fundi hurithi kazi ya makarani. Kilichokuwa na michoro ndicho kinachoweza kufufuliwa leo kwa ukamilifu, na kila mwaka kinazidi kung'aa. Kisichokuwa nayo kinazidi kufifia kando yake. Miongoni mwa sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928 yumo mchukuzi. Ana umbo la mtu na hana jina la mtu yeyote. Aliyeichonga hakuwa na orodha ya kumwongoza, na pengine kwa sababu hiyo sanamu ile, pamoja na kasoro ya kusimamishwa na waliomtumikisha, haimsingizii mtu. Imesimama mahali pa wengi, na mpita njia aweza kuihesabu kama moja tu kati ya idadi ambayo haijulikani.

Fundi wa sanamu ya kompyuta yu katika bahati nzuri kuliko mchongaji yule. Yeye anayo orodha. Anajua namba ya kifaru, siku, kijiji, na watu waliokuwamo. Kinachomkosesha ni jirani. Deborah ya chuma imejengewa ukumbi ambao makaburi yako karibu nao, na mgeni atokaye kuitazama hawezi kusema kwamba hakujua. Juu ya kioo cha kompyuta hakuna mlango wa kutokea wala ukuta wa makaburi. Kuna sanamu, na kiza kizuri kilichoizunguka.

Kwa hiyo kazi yake ya mwisho, baada ya ribiti na matope, ni kuandika tarehe chini ya sanamu. Akiandika mwaka 1917 peke yake, kazi imekwisha na hakuna wa kumlaumu, kwa maana kila kipimo ni sawa. Akiandika tarehe 20 Novemba, itambidi arudi kwenye mabamba ya mbele, aondoe pembetatu alizozifuma kwa miezi mingi, alete picha za ukumbini, na kuanza kulipima tundu la kwanza.